Nazi 30 na Kona za Wundanyi

Mizani ya kwanza ya safari yetu ilikuwa ya muuza viazi, soko la Kongowea, jua halijachomoza. Nilimwomba aniazime kidogo. Akaiangalia pikipiki, akamwangalia mke wangu aliyesimama kando ya gunia la nazi, akasema, “Pima tu, kaka.” Nazi huuzwa kwa hesabu, si kwa kilo, ndiyo maana uzito wake humpita mtu bila kuuona. Nazi 30 zilizofuliwa, zawadi ya mama mkwe kule Taita, zilisoma kilo 19.

“Si tulizibeba mwaka jana, Baba Salim?” mke wangu akauliza.

Tulizibeba. Ndiyo sababu safari hii nilianzia kwenye mizani.

Mwaka jana tulipanda Wundanyi, huko Taita, na nazi 30 vilevile, zote ndani ya sanduku la juu, nyuma ya mgongo wake. Barabara kuu haikuniambia kitu. Injini ya BMW R 1250 GS haioni taabu kwa kilo 19, na hapo ndipo mtu hudanganyika: pikipiki ikivuta, unadhani imekubali mzigo. Kona za kupanda kutoka Mwatate ndizo zilizosema. Usukani ulikuwa mwepesi ajabu mikononi. Kwenye kona moja nililaza pikipiki, gurudumu la mbele likakataa kunifuata, tukatanuka hadi upande wa pili wa barabara, na lori la kabichi lilikuwa linateremka. Lilitupita kwa urefu wa mkono. Mke wangu hakupiga kelele. Alinikamata kiunoni, na mikono ile haikulegea mpaka tukafika kwao.

Niliporudi Mombasa nililaumu tairi. Fundi wangu akanivuta hadi kwenye kibati cha kiwanda na kunisomea: kilo 465. Huo ndio mwisho wa uzito unaoruhusiwa, kila kitu kwa pamoja, pikipiki, mafuta, watu, nguo, hata maji ya kunywa. Pikipiki yenyewe, tangi likikaribia kujaa, ina kilo 249. Inabaki 216. “Sasa jipime wewe,” akasema.

Mimi nina kilo 98. Nikivaa helmeti, buti na jaketi nafika 106. Mke wangu na vyake, 73. Masanduku matatu ya aluminiamu na vyuma vyake vya kushikilia, kilo 20 yakiwa matupu, na hayo wengi huyasahau kwa sababu hukaa kwenye pikipiki mwaka mzima. Tayari ni 199, kabla ya shati moja. Nilisikia uchungu siku ile, nakiri, kwa sababu nilikuwa nimempakia mama wa watoto wangu juu ya hesabu ambayo sikuwahi kuipiga. Na sanduku la juu, fundi akaniongezea, mtengenezaji amelipangia kilo 5 tu. Mzigo ukikaa juu, nyuma ya ekseli ya nyuma, huibinua pikipiki kama mizani ya mkono: nyuma inadidimia, mbele inapungukiwa na uzito, na gurudumu lisilo na uzito halina la kushikia lami.

Basi pale Kongowea nazi zikapewa matatu ya Voi, zitangulie. Sisi tukabaki na nguo, vifaa vya pancha, maji lita mbili na papa mkavu, jumla kilo 14, nikazigawa masanduku ya pembeni. Ikawa 213. Upepo nikajaza kabla tairi hazijapata moto, psi 36 mbele na 42 nyuma, na springi ya nyuma nikaikaza. Mwaka jana sikuikaza, na taa yangu ilimulika juu hata madereva wa malori wakawa wananiwashia taa kwa hasira. Nilidhani ni ukorofi wao.

Daraja la Nyali, Makupa, Changamwe, Mazeras. Malori, vumbi, malori.

Mariakani foleni ya malori ilikuwa imejipanga kwenye mizani ya barabara. Lori likizidi tani 56 halipiti, hata liwe na ekseli saba. Sisi tulipita kando bila kuulizwa. Sheria angalau inaniuliza abiria, wasizidi mmoja. Kilo, hakuna anayeniuliza. Vijana wa bodaboda hupita hapo na magunia yaliyowazidi kimo, na siwalaumu wanaotafuta unga wa watoto. Ila natamani kila mmoja wao angesomewa kibati chake kama nilivyosomewa mimi.

Mackinnon Road tulisimama, kama wasafiri wengi, kwenye msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, Mhindi aliyefanya kazi ya kujenga reli. Husimuliwa kwamba karai lake la mawe lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Mke wangu alikaa kivulini muda mrefu. Mimi niligusa tairi ya nyuma kwa kiganja. Ilikuwa na joto, si ya kuunguza. Pembeni imeandikwa 72, alama ya kwamba inabeba hadi kilo 355, na joto la nyika ya Taru huila haraka tairi iliyozidishiwa mzigo na kupungukiwa upepo.

Voi tukachukua Mwatate, kisha mlima. Kona ileile niliijua kabla sijaiona. Nikapunguza gia, nikalaza pikipiki, na gurudumu la mbele likaenda pale macho yangu yalipotazama. Nikahisi mikono ya kiunoni ikilegea, kisha ikanipapasa mara mbili.

Nazi zilitufikia jioni, zote 30. Siku ya kuondoka mama mkwe alitoka jikoni na mfuko wa kabichi, kama kila mwaka, tayari kuufunga juu ya sanduku. Papa tulikuwa tumemwachia, na maji yamekwisha. Nikautundika mfuko kwenye mizani ndogo ya ndoano niliyokuja nayo, naye akainama kusoma.

“Tatu u nusu, mwanangu.”

“Weka sanduku la kulia, mama,” nikamwambia. “Chini kabisa.”