Nilivyopata liki zenye shina jeupe kwenye akwaponiki ya nyumbani

Wengi wenye akwaponiki nyumbani (kufuga samaki na kukuza mboga kwa maji yaleyale, uchafu wa samaki ndo mbolea) wanaishia kwenye saladi na spinachi kwasababu zinatoka haraka, mi nilitaka liki, ile ya jamii ya kitunguu, na sio liki ya majani tu, nilitaka ile yenye shina refu jeupe. Shambani weupe unaupata kwa kupandishia udongo kadri mmea unavyorefuka. Sasa kwenye kokoto huwezi kufanya hivyo, vijiwe vinaingia katikati ya majani afu ukija kukata kisu kinagonga jiwe. Kwahiyo kichwa kiliuma hapo tu, mengine ni ya kawaida.

Mfumo wangu ni ule rahisi, tanki la samaki chini, kitanda cha kokoto juu, pampu inapandisha maji na sifoni inayashusha yenyewe kitanda kikijaa. Kokoto nilizijaribu na siki kwanza, zikitoa mapovu ujue zina chokaa na pH (kipimo cha uasidi wa maji) itakusumbua kila siku. Maji yakazunguka mpaka amonia na nitriti zikasoma sifuri huku nitrati ikipanda, yaani bakteria wanageuza amonia kuwa nitriti kisha nitrati ambayo mimea inaila, kwa kawaida hiyo ni kama wiki 4 hadi 6, ila ukimjua mtu mwenye mfumo unaofanya kazi muombe kokoto zake kidogo, zinakuja na bakteria na muda unapungua sana.

Miche niliikuza pembeni kwenye kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), ikifika unene wa penseli naiosha mizizi na kuihamisha. Shimo kwenye kokoto halikai, linajifukia hapohapo, so nilikua nachomeka kipande cha bomba, naingiza mche ndani mpaka mizizi ifike chini kwenye unyevu, afu navuta bomba taratibu kokoto zinaukumbatia. Sentimita 3 hadi 5 za juu ya kitanda maji hayafiki, na iwe hivyo, pakilowa muda wote panaota mwani na shingo ya mche inaoza.

Haya sasa weupe. Nilikata mabomba ya plastiki yasiyopitisha mwanga, urefu kama sentimita 15, nikayapasua upande mmoja kutoka juu hadi chini ili niweze kuyavisha na kuyavua bila kuvunja majani. Usiyavishe mapema, mmea mdogo unahitaji mwanga wote, mi nasubiri shina linenepe kwanza. Na bomba lisipite pale majani yanapoanza kutawanyika, maana ukifunika hapo maji yanatuama ndani na joto likizidi ni kuoza tu. Mmea ukirefuka unalisogeza juu kidogo, na ile nafasi inayobaki chini nafunga boksi la karatasi ngumu kuzunguka shina. Karatasi ikilowa unabadilisha, sio kazi kubwa.

Kitu ambacho wengi hawakiwazi ni joto. Liki inapenda ubaridi, nyuzi 13 hadi 24 hivi, perege, ndo samaki ninaowafuga, nae anakua vizuri kwenye 27 hadi 30. Huwezi kuwaridhisha wote. Mi niliamua maji yakae kwenye 23 au 24, perege wanakula kidogo na wanakua polepole lakini wapo, na liki hainung'uniki. Mwenye haraka ya samaki apande kitu kingine, kwa kweli.

Liki inakaa kitandani miezi mitatu minne au zaidi, na muda wote huo inakula. Chakula cha samaki kina naitrojeni ya kutosha ila chuma na potasiamu ni kidogo. Majani mapya yakianza kuwa ya njano huku mishipa imebaki kijani, hicho ni chuma, naweka ile keleti ya chuma (chuma kilichotengenezwa kiyeyuke na mmea uweze kukinyonya) miligramu 2 kwa lita moja ya maji. pH ikishuka chini ya 6.5 naipandisha na potasiamu kaboneti, next time kalsiamu kaboneti, zamu kwa zamu, hapo unatibu vitu viwili kwa pamoja. Kidogokidogo lakini, samaki hawapendi pH iruke ghafla.

Vithiripsi, vile vidudu vidogo vinavyofyonza majani, vilikuja, michirizi ya rangi ya fedha kwenye majani. Dawa sahau, hata maji ya sabuni yakidondokea kwenye tanki yanaumiza samaki. Nilitumia mitego ya gundi ya rangi ya bluu na kuyapiga majani kwa maji ya presha asubuhi, havikuisha ila vilipungua mpaka nikaacha kuvifikiria.

Kuvuna unazungusha shina huku unavuta, mizizi inatoka na kokoto zake, zikung'ute palepale kitandani. Na raha yenyewe ndo hii, hakuna mchanga kati ya majani! Wanaojua kuosha liki ya shambani wananielewa. Sing'oi zote kwa pamoja, navuna chache chache na kuchomeka mche mpya kwenye kila nafasi, maana ukimaliza kitanda chote siku moja nitrati inapanda na hakuna mmea wa kuila.