Bei ya gesti na kodi ya mwezi

Jumatatu nilienda kuonana na kaka mmoja ana sehemu ya kufungasha viungo hapa Tanga mjini, iliki, karafuu, mdalasini, vile vinavyoshuka kutoka Amani. Anataka nimdizainie upya lebo zote, pakti 14, na posti za Instagram juu yake, kazi ya miezi mitatu. Tukaongea vizuri, nikampa shikamoo yake, kahawa ikaja, halafu akasema, "mdogo wangu, anza na sisi kwa bei ya chini chini, tukiridhika tunakuajiri moja kwa moja."

Tumbo likanikaza, maana maneno hayo hayo nilishaambiwa mwaka juzi.

Ile mara ya kwanza ilikuwa ofisi nyingine, jina silitaji. Nilisema elfu 25 kwa siku, na kiukweli nilisema hivyo kwa sababu moyoni nilishajiona mwajiriwa, nikaona acha nijibane miezi mitatu tu. Miezi mitatu ikawa minane. Na wala hawakunidanganya, waliniajiri kweli, ila siku ya kupanga mshahara mhasibu akachukua ile 25,000 yangu akazidisha kwa siku 26 ikaja 650,000, akanigeuzia kalkuleta niione, "si ndo uliyozoea?" Sikuwa na la kujibu, namba niliitaja mwenyewe. Mwezi wa kwanza ikakatwa NSSF 65,000, ikakatwa kodi 33,000, mkononi ikabaki 552,000. Nilikaa Uhuru Park na ile slipu nikaisoma kama mara nne hivi. NSSF sina ugomvi nayo, ile ni akiba yangu. Kilichoniuma ni kwamba bei niliyoiita ya muda ndo ilinifungia mshahara, na hapo ndo nilipokuja kuelewa kwamba mtu akishakuzoea kwa bei fulani, kumpandisha ni shughuli pevu.

Sasa Jumatatu usiku nikamsimulia mama. Mama ni fundi cherehani Ngamiani, kompyuta hajui hata kuiwasha lakini bei anazijua. Akasema, "mwanangu, gesti analala mtu usiku mmoja elfu 20, na chumba cha kupanga huku kwetu elfu 40 mwezi mzima. Ushamwona mtu anamwambia mwenye gesti nilipishe ya kupanga, labda mbeleni nitahamia?" Halafu akarudi kwenye pindo lake.

Nikachukua daftari nikapiga hesabu vizuri kwa mara ya kwanza maishani, nawawekea hapa mnaofanya kazi hizi maana wengi tunataja bei kwa kumwangalia mtu usoni. Mshahara ninaoutaka nikiajiriwa ni 900,000. Ukigawa kwa siku 26 inakuja kama 34,600, na wengi tunaishia hapo tunasema basi 35,000 kwa siku. Hapana. Mwajiriwa analipwa hata siku hayupo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 28 za likizo kwa mwaka, sikukuu analipwa, akiumwa analipwa, na mwajiri anamchangia NSSF asilimia 10 juu ya ile anayokatwa yeye. Mimi wa muda vyote hivyo ni juu yangu. Kwa hiyo siku 365 nikatoa Jumapili 52, nikatoa likizo (28 zina Jumapili 4 ndani kwa hiyo nikatoa 24), nikatoa 15 za sikukuu, 10 za malaria na misiba, na 50 za kuhangaika kutafuta kazi, ikabaki 214. Mshahara wa mwaka 10,800,000, ongeza 1,080,000 ya NSSF ambayo mwajiri angenichangia, ongeza 1,500,000 ya laptopu, bando, umeme na programu, jumla 13,380,000. Gawa kwa 214 ni kama 62,500.

Niliiangalia ile namba nikaogopa. Rafiki yangu mmoja naye akaniambia utakosa vyote, na siwezi kusema hana pointi, Tanga siyo Dar, hela haitembei vile. Lakini nikawaza, lebo 14 hazitaki mtu akae ofisini siku 26, mimi siku 3 kwa wiki zinanitosha kabisa, na hiyo ni siku 13 kwa mwezi, yaani 812,500. Kwake ni chini hata ya kuniajiri.

Jumanne nikarudi na karatasi ina mistari miwili. Wa kwanza, kazi ya muda 62,500 kwa siku, siku 13 kwa mwezi, mafaili ya kazi nakabidhi malipo ya mwisho yakiingia. Wa pili, nikiajiriwa mshahara 900,000 kabla ya makato. Akavuta simu fasta akazidisha kwa 26, "milioni na laki 6 hii mdogo wangu!" Nikamwambia kaka, zidisha kwa 13. Akazidisha. Akanyamaza. Akauliza huu mstari wa pili wa nini wakati bado hajaniajiri, nikamwambia ndo maana nauandika leo, ili siku hiyo ikifika tusiutafute kwenye ule wa kwanza. Nikamwambia na kama anataka nishushe, sawa, nashusha, ila ahadi ya ajira iingie kwenye mkataba na tarehe yake na mshahara wake, tusaini wote.

Sauti ilikuwa inanitetemeka lakini nilimaliza.

Akaikunja ile karatasi mara mbili akaiweka mfuko wa shati, akasema ataongea na mkewe ndo anashika hesabu. Leo Alhamisi, hajapiga. Pakti moja ya iliki aliyonipa kama sampo ipo hapa mezani, chumba kizima kinanukia, na lebo yake ya zamani maandishi yamekatwa ukingoni kwa sababu aliyeidizaini hakuacha zile milimita 3 za kukatia. Natamani sana niirekebishe. Sijaigusa.