Siku Moja Maishani Mwangu: Kinywa Kinachoungua na Kiungo cha Taya Kinachosahauliwa

Saa 1:30 asubuhi

Kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, husoma majalada ya siku nzima. Leo nina wagonjwa saba, na wengi wao wameumwa kinywa kwa zaidi ya miezi 3, ambao ndio mpaka tunaoutumia kuyaita maumivu kuwa sugu. Mimi ni daktari wa meno, ila kwa miaka mingi sasa sizibi wala sing'oi meno. Ninawahudumia watu ambao vinywa vyao vinauma ilhali meno na ufizi wao ni mzima. Majalada yote saba yameeleza ulimi, ufizi na kaakaa kwa kirefu, lakini ni moja tu lililotaja taya. Mtu akilalamika kwamba ulimi unawaka moto, ataangaliwa ulimi, na kiungo cha taya kilicho mbele tu ya sikio hakitaguswa na mtu.

Saa 2:15 asubuhi

Wa kwanza ni mama wa miaka 58. Kwa miaka miwili ulimi wake umekuwa ukiungua: asubuhi huamka salama, mchana moto huanza, jioni hali huwa mbaya zaidi, na anapokula ndipo hupata nafuu kidogo. Kwa macho kinywa hakina kasoro yoyote. Damu ilishapimwa madini ya chuma, vitamini B12 na sukari, fangasi walishatafutwa, na hakuna kilichoonekana. Huu ndio ugonjwa wa kinywa kuungua, ambao huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, na ambao umewafanya wengi waambiwe kwamba hawaumwi chochote.

Namuuliza swali ambalo humuuliza kila mgonjwa wangu. "Mama, kwa sasa meno yako ya juu na ya chini yamegusana?"

Anatulia kidogo. "Yamegusana, daktari."

"Na ulimi uko wapi?"

"Nimeusukumiza kwenye meno ya mbele." Kisha anaongeza, kwa sauti ya chini, "Nadhani huwa hivyo siku nzima."

Taya likiwa limepumzika, midomo hufungwa, meno huachana na ulimi hulala pasipo kusukuma kitu. Meno hugusana kwa muda mfupi tu wakati wa kutafuna na kumeza. Lakini ulimi unaoungua haukai mahali pamoja. Mwenye nao huusugua, huukagua, huubana ili usiguse kitu, na kila anapofanya hivyo misuli ya kutafunia hukaza bila yeye kujua. Saa kumi za namna hiyo kila siku, kwa miaka miwili, haziwezi kukiacha kiungo salama.

Ninaweka vidole mashavuni mwake, juu ya msuli mkubwa wa kutafunia, na kubonyeza kwa nguvu ya kilo 1 kwa sekunde chache. Kiasi hicho si cha kukisia: kimewekwa katika vigezo vya kimataifa vya uchunguzi vilivyochapishwa mwaka 2014, na kila asubuhi mimi hubonyeza mizani ndogo iliyo mezani kwangu ili vidole visisahau. Juu ya kiungo chenyewe ninapunguza hadi nusu kilo. Anashtuka. "Hapo hapo! Haya ndiyo yanayoniamsha usiku." Jibu hilo lina uzito kwangu, kwa sababu kubonyezwa kunaweza kumuuma yeyote, ninachokitafuta ni maumivu ambayo mgonjwa ayatambue kuwa ni yake.

Ninachukua rula. Watu wazima wengi hufungua kinywa milimita 40 au zaidi, kutoka ncha ya meno ya mbele ya juu hadi ya chini. Yeye anafikisha 31 kabla maumivu hayajamzuia. Ana magonjwa mawili, na jalada lake lilikuwa limeandika moja.

Saa 4:00 asubuhi

Kijana anaingia akiwa na hofu kwa sababu taya lake linatoa mlio kila anapofungua kinywa. Ninamchorea: kati ya kichwa cha mfupa wa taya la chini na fuvu kuna kisahani cha gegedu, na kisahani hicho kikiteleza mbele, mfupa hukirukia kila unaposogea, ndipo husikika ule mlio. Mlio usio na maumivu, wala kukwama, hauhitaji tiba. Anashukuru mno kwa kuambiwa hivyo.

Saa 5:15 asubuhi

Huyu alishang'olewa magego mawili ya chini, na maumivu yako palepale. Kiungo cha taya, misuli ya kutafunia, meno na sehemu kubwa ya ulimi vyote hupeleka hisia zake kwa neva moja, ile ya tano ya kichwa, na ubongo unaweza kukosea mahali maumivu yanakotoka. Msuli wa shavuni ukichoka, gego la chini hulia. Ninapombonyeza shavu na kushikilia kwa sekunde 5, anagusa pengo la jino lililokwisha kuondoka. Miaka ya mwanzo ya kazi mimi mwenyewe nilimng'oa mtu jino lisilo na ugonjwa kwa namna hiyohiyo, na uso wake aliporudi wiki ya pili akiwa na maumivu yaleyale ninaukumbuka hadi leo.

Saa 8:00 mchana

Mzee wa miaka 71 analalamika kwamba akitafuna dakika chache taya huchoka na kuuma, akipumzika hupoa. Kichwa kimeanza kumuuma mwezi huu, na hawezi kuchana nywele kwa jinsi ngozi ya kichwa ilivyo nyeti. Kiungo chake ninakikuta kizima. Ninaacha rula, ninapiga simu, na ninahakikisha anapelekwa leo hii kupimwa damu na kuanzishiwa steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe, kwa kuwa uvimbe wa mishipa ya ateri ya kichwa unaweza kumpofusha mtu ghafla. Saa moja nzima sina mawazo ya kitu kingine.

Saa 9:30 alasiri

Ninakaa na mtaalamu wa fiziotherapia kupanga tiba ya yule mama wa asubuhi. Ataelezwa ugonjwa wake kwa utulivu, atafundishwa kujikanda misuli, kuweka kitambaa cha moto shavuni, na kufungua kinywa polepole ulimi ukiwa umegusa kaakaa ili kiungo kisikurupuke. Atabandika vikaratasi vidogo mahali anapopita mara kwa mara, na kila akikiona kimoja atajiuliza kama meno yameachana. Kwa ule moto wa ulimi tutazungumza naye kuhusu dawa za neva kwa dozi ndogo. Kuyapunguza meno kwa mashine ili "yakae sawa", au kukimbilia upasuaji, sitakubali. Ni mambo yasiyorudishika, na neva ambazo miaka ya maumivu imezifanya kuwa nyeti mno huweza kuyajibu kwa maumivu zaidi.

Saa 10:40 jioni

Wa mwisho amerudi baada ya wiki 10. Alianza akiwa na milimita 29.

"Ulimi bado unaungua, daktari, siwezi kukudanganya," ananiambia hata kabla hajaketi. "Lakini juzi nilipiga mwayo mpaka mwisho."

Ninamwomba afungue kinywa. Rula inasoma 41, na mikono yake imetulia mapajani, hakuna ulioshika shavu. Ninaandika namba hiyo katika jalada, kwenye mstari ambao alipokuja mara ya kwanza ulikuwa mtupu.