Baba, dubu si nyati

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mama yako ananiambia unataka kwenda kuua dubu. Umeshika bunduki gani?"

Nikamtajia ya risasi ya .30-30. Simu ikawa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Mwanangu, hiyo si ya digidigi?"

Baba alikuwa askari wa wanyamapori Rungwa, upande wetu wa Manyoni. Nikiwa mdogo aliwahi kuniletea ganda tupu la risasi ya .458 (namba hiyo ni upana wa risasi kwa inchi), nikalichezea mpaka likang'aa. Risasi ile kichwa chake kina uzito wa greni 500, yaani gramu 32 na ushei, na imetengenezwa kuvunja mfupa wa tembo bila kupinda. Kwetu nyati na tembo hawafuatwi na kitu kilicho chini ya .375. Kwa hiyo baba akisikia mnyama mwenye meno na kucha, kichwani mwake inakuja risasi kubwa. Nami nilikuja Marekani na kichwa hichohicho.

Naandika haya kwa sababu vijana wenzangu wa hapa Lewiston na Portland, jimbo la Maine, Watanzania, Wakongo, Warundi, kila Agosti inapokaribia wananiuliza swali lile la baba: dubu anafuatwa na bunduki gani?

Nilipopata kadi ya ukaaji wa kudumu na kumaliza mafunzo ya usalama wa uwindaji, niliingia duka moja nikajaza fomu 4473, ile ya serikali ya kununua bunduki, nikasubiri uchunguzi wao. Muuzaji akasema dubu anataka magnum, yaani risasi yenye baruti nyingi na teke kubwa. Nikaamini, nikatoka na bunduki ya .300. Kwenye uwanja wa shabaha, kwa yadi 100 (kama mita 91), matundu yangu kwenye karatasi yalitawanyika kama punje za mahindi alizotupiwa kuku. Nilidhani darubini imelegea.

Jirani yangu, mzee aliyewinda dubu kaskazini mwa Maine tangu ujana wake, ndiye aliyenifungua macho. Alichukua bunduki, akageuka, akanijazia yeye mwenyewe nisione, akanirudishia. Nikalenga, nikafyatua. Haikulia kitu, hakuwa ameweka risasi. Lakini mtutu ulizama chini kwa kiasi cha kiganja, na macho nilikuwa nimeyafumba. Mwili wangu ulikuwa unalisubiri teke kabla halijaja. Akasema tu, "Dubu wa kwanza utamjeruhi huyo." Wiki iliyofuata niliirudisha dukani kwa hasara.

Sasa tuje kwenye dubu mwenyewe. Huyu mweusi wa Maine si yule wa kahawia wa Alaska mnayemwona kwenye video. Jike mara nyingi ni kilo 60 hadi 100. Dume mkubwa anaweza kufika 180 au kupita, lakini wengi watakaokuja mbele yako ni wa uzito wa ngiri mmoja mkubwa. Mifupa yake si ya nyati. Kinachosumbua ni manyoya na mafuta. Mwisho wa Agosti anakula usiku na mchana kujiandaa na usingizi wa baridi, na tabaka la mafuta chini ya ngozi linanenepa. Ukimpiga na risasi nyembamba isiyotoka upande wa pili, mafuta yanaziba tundu na manyoya yanafyonza damu. Anakimbia mita 80 kwenye misonobari iliyobanana, jua limezama, na wewe una tochi na hakuna hata tone la kufuata. Nimewahi kuwasaidia watu kumtafuta dubu wa namna hiyo hadi saa nane usiku, tukamkosa. Mpaka leo sipendi kuikumbuka safari ile.

Kwa hiyo ninachokitafuta kwenye risasi ni matundu mawili: pa kuingilia na pa kutokea, na la kutokea liwe pana, liwe chini, damu idondoke.

Hapo ndipo .30-30 inapoingia. Ilitoka mwaka 1895, na hapa Maine karibu kila nyumba ya mwindaji wa zamani ina bunduki yake ya kukoki kwa wenzo ulio chini ya kifyatulio. Kichwa cha greni 170, gramu 11, kinatoka kwa kasi ya mita 670 hivi kwa sekunde. Kwa masikio ya leo ni kasi ya kobe. Lakini tunawinda kwa chambo, tumekaa kwenye dungu mtini kama tulivyokuwa tukilinda mpunga dhidi ya nyani, na pipa la mikate na maandazi liko yadi 25 au 30. Kwa umbali huo kichwa kile kizito kinapenya mapafu yote mawili na kutoka. Na teke lake, bunduki zikilingana uzito, ni karibu nusu ya lile la .30-06. Jambo moja la kuangalia: nyingi za bunduki hizi risasi zinalala ndani ya bomba moja nyuma ya nyingine, kwa hiyo usiweke zenye ncha kali ngumu, ncha inaweza kugonga fataki ya risasi iliyo mbele. Nunua zenye pua bapa, au zile za ncha laini zilizotengenezwa kwa bunduki hizo.

Mzee mwenyewe anapenda .35 Remington ya mwaka 1906, kichwa greni 200. Namuunga mkono, ila madukani risasi zake ni za kubahatisha. Wanaowinda penye uwazi, kama Montana ambako unaweza kumwona dubu ng'ambo ya bonde, wachukue .308, .270 au .30-06, hizo ni za yadi 200 na zaidi bila wasiwasi. .45-70 ya mwaka 1873 inafanya kazi nzuri sana kwa karibu, bega likikubali. .243 siipendekezi kwa mgeni. Inaua, wapo wanaoitumia vizuri, lakini kichwa ni chepesi na tundu lake ni dogo kwenye mafuta yale.

Na jinsi kichwa kilivyotengenezwa ni muhimu kuliko namba iliyoandikwa kwenye boksi. Chukua kinachopanuka bila kuvunjikavunjika: kile ambacho madini ya risasi ya ndani yamegandishwa na gamba lake, au cha shaba tupu, ambacho pia hakiachi chembe za madini ya risasi kwenye nyama. Vile vya gamba kamili visivyopanuka waachie walenga makopo.

Msimu ulipofunguliwa, Jumatatu ya mwisho ya Agosti, nilikuwa Aroostook, kaskazini mwa Maine. Dubu alitokea saa moja jioni, bila sauti hata ya jani. Alikaa akinitazama kwa mbele dakika nzima, na sikufyatua, maana kifua cha mbele ni kidogo na mifupa ni mingi. Alipogeuka ubavu, nikasubiri mguu wa mbele utangulie, ndipo nikaweka nyuma tu ya bega, theluthi moja kutoka chini. Alikimbia kama mita 40. Damu ilikuwa pande zote mbili za majani, mzee aliifuata bila kuinama.

Kituoni tulimsajili na kutoa jino, linalotumika kujua umri wake. Nyama tuliipika mpaka ndani ikafika nyuzi 71, kwa sababu ya minyoo ya trikinela.

Nilimpigia baba asubuhi ya Manyoni. Hakuuliza uzito wala ngozi.

"Ilitoka upande wa pili?"

"Ilitoka, baba."

"Haya. Niambie tena hiyo namba, niiandike."