Mwanangu ametimiza mwaka, na nina la kusema

Nilizaliwa na hitilafu ya kurithi ya tezi za adrenali, zile ndogo zinazokaa juu ya figo. Kimeng'enya kimoja kina kasoro, mwili unashindwa kutengeneza ya kutosha kotisoli, homoni inayosaidia mwili kuhimili maradhi na msukosuko, na malighafi yake inageuzwa kuwa androjeni, homoni za kiume. Ndiyo maana niliota nywele za sehemu za siri nikiwa darasa la pili, nikawapita wenzangu wote kwa urefu, kisha kimo kikasimama wao wakiendelea kukua. Kuvunja ungo nilichelewa, na hedhi ilikuja inavyotaka. Mashangazi wakanong'ona: huyu hatazaa.

Jamani, wengi wetu tunazaa! Nilipopata daktari aliyerekebisha dozi yangu ya haidrokotisoni, dawa inayoziba pengo la kotisoli, kwa kufuata vipimo vya homoni, androjeni zilishuka, hedhi ikatulia, mimba ikaingia. Mwanangu hana ugonjwa huu. Huupata anayerithi jeni yenye kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili.

Wenye watoto wa kiume walio na ugonjwa huu, nawaomba sana. Wavulana hawasemwi kabisa, nao wana hatari yao: vinundu vya tishu ya adrenali vinaweza kuota ndani ya korodani na kupunguza mbegu. Mara nyingi havishikiki kwa mkono, huonekana kwa ultrasaundi. Kijana akibalehe ulizeni kipimo hicho, na dawa asiache hata akijisikia mzima.