Jiko la gesi la jirani, na nyavu zake mpya

Mwezi wa nne, Jumamosi asubuhi, jirani yangu alinigongea mlango akaniambia uani kwake kuna kitu, kama nakitaka nikichukue kabla gari la taka halijapita Jumanne. Ni bibi wa miaka sabini na kitu, mumewe amefariki mwaka juzi. Kitu chenyewe kilikuwa jiko la gesi la kuchomea nyama, lile la nje lenye mfuniko, limesimama chini ya mti tangu marehemu alipoanza kuugua. Nilipofunua mfuniko nikakuta panya wameshalifanya nyumba: majani makavu, nyuzi za mto, na chini yake mafuta yaliyoganda kama lami. Nyavu, yaani zile fito za chuma za kulazia nyama juu ya moto, zilikuwa na kutu hadi nyingine zikakatika mkononi.

Nililisukuma hadi kwangu, kisha nikapiga simu ya video Tanga nimwonyeshe mama. Akaangalia kimya, mwisho akauliza swali moja tu: "Humo mlikuwa mnachomwa nyama gani, mwanangu?"

Nilirudi kwa jirani nikamuuliza, na akanijibu kwa furaha kabisa, maana lilimkumbusha mumewe: mbavu za nguruwe, kila mwisho wa wiki, miaka na miaka.

Waislamu wenzangu mnaoishi huku Ohio na kwingineko Marekani mnajua suala hili lilivyo. Majiko mazuri yanatolewa bure kila msimu, na wengi wetu tunayapita kwa sababu hiyo moja. Mimi nilikwenda kumuuliza sheikh wetu msikitini. Jibu lake lilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia: ondoa kwanza mafuta yote yaliyomo, kisha osha mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji na udongo, kama tulivyosomeshwa madrasa sisi Mashafi, tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafii. Chuma kikishaoshwa hivyo kimetoharika. Nyavu zilikuwa za kutupwa kwa kutu yake tu, wala si kwa nguruwe.

Kuondoa mafuta ndiko kulikonichukua siku mbili. Jiko ni Weber Genesis, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1985, na hili nadhani ni la miaka ya 90, lile lenye mbao pembeni. Sanduku lake la chini ni la alumini nzito, ndiyo maana halijaoza. Lakini alumini ina adui: dawa za kupuliza za kusafishia oveni nyingi zina kostiki soda, ile kali ya kutengenezea sabuni, na soda hiyo inaila alumini inaiacha na vidoa vyeusi. Msiitumie. Nilikwangua kwa kipande cha mbao na kwa kikwangulio cha plastiki cha mafundi rangi, nikamalizia kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo. Ndani ya mfuniko palikuwa pamebanduka magamba meusi na mume wangu akasema rangi imeharibika. Si rangi. Ni moshi wa mafuta uliokaa ukawa makaa, unakwanguka wote na chini yake enameli imelala salama.

Ule mwosho wa udongo nilichota kwenye bustani ya maua, nikaufanya tope jepesi, nikasugua. Nilishangaa jinsi ulivyotoa utando wa mafuta ambao sabuni ilishindwa. Kwenye pembe za sanduku, palipokuwa na ule weusi unaonata vidole, tope liligeuka kahawia, likateleza, na nyuma yake alumini ikatoka ya kijivu safi. Nilikuwa nimepiga magoti uani Columbus, mikono imejaa tope hadi kwenye viwiko, na nilichoona ni mama na sufuria zake za pilau, akizisugua kwa mchanga na kumbi la nazi.

Sasa upande wa moto. Naomba mtu yeyote anayefufua jiko kama hili asinunue nyavu kabla hajaona moto unavyowaka, kwa sababu wavu mzuri juu ya moto mbovu ni pesa iliyopotea. Vichomeo vya jiko hili ni mabomba matatu yaliyolala kutoka kushoto kwenda kulia. Bomba moja lilikuwa limetoboka kwa kutu upande wa chini, ukiligeuza unaona mwanga. Jingine lilikuwa zima ila moto wake ulikuwa wa njano na unaruka. Nilipochungulia mdomoni mwake, pale gesi inapochanganyikia na hewa, nikakuta utando wa buibui. Hawa wadudu wanapenda sana kuingia kwenye mabomba ya gesi, na utando mdogo kama ule unatosha kuzuia hewa. Gesi ikikwama inaweza kurudi nyuma na kuwaka karibu na vifundo vya kuwashia. Nilinunua vichomeo vitatu vipya kwa dola 42. Nikabadilisha na mpira wa gesi pamoja na rejaleta, kile kifaa kinachopunguza nguvu ya gesi inayotoka mtungini, kwa sababu nilipopaka maji ya sabuni na kufungua mtungi, mapovu yalitoka kwenye ufa karibu na kiungio. Jaribio hilo la sabuni halina mbadala. Propeni ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kukaa, kwa hiyo mtungi ukae nje, usiingizwe stoo wala gereji, na wakati wa kuwasha mfuniko uwe wazi.

Siku ya kwanza nilipowasha, moto ulitoka mdogo kama wa kibatari, na jiko lilikataa kupanda joto. Nikaamini nimeuziwa rejaleta mbovu. Kumbe kosa lilikuwa mkononi mwangu. Kiungio cha mtungi kina kinga ndani yake: ukifungua mtungi kwa pupa, au ukaufungua wakati kifundo cha jiko kiko wazi, kinga inahisi kama mpira umepasuka na inabana gesi. Unafunga kila kitu, unafungua kiungio, unasubiri dakika chache, unarudisha, kisha unafungua mtungi taratibu huku vifundo vyote vimefungwa. Baada ya hapo moto ulisimama wa buluu, umejipanga bomba zima.

Halafu ndiyo zikaja nyavu, na hapa nililipa ada ya shule. Nilipima ile ya zamani haraka haraka, nikaagiza mtandaoni jozi ya bei rahisi iliyoandikwa "stenlesi", yaani chuma kisichoshika kutu upesi. Zilipofika zilikuwa nyembamba kama nyaya za kuanikia nguo, zinang'aa mno, na nusu inchi fupi, kwa hiyo zilikuwa zinacheza kwenye ukingo na ningezigusa tu zingetumbukia. Nikachukua sumaku kutoka mlangoni mwa friji, ikanata paa! Stenlesi nzuri ya namba 304, ambayo ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8, haivutwi na sumaku, au inavutwa kidogo sana pale chuma kilipokunjwa. Ile ya namba 430 haina nikeli ya maana, sumaku inainata, na inashika kutu mapema zaidi. Na nyavu nyingine ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromiamu juu tu. Nilizirudisha. Kuna mtu alinishauri nitumie rafu za friji kuukuu. Tafadhali msifanye hivyo, hujui zimepakwa madini gani, na moto utayatoa yaende kwenye chakula.

Nikaanza upya, safari hii kwa utepe wa kupimia na kalamu. Unapima shimo la jiko, toka ukingo mmoja unapokaa wavu hadi mwingine, wala si wavu wenyewe, maana wavu wa zamani huenda si wa asili. Kwangu kila kipande ni inchi 17 na robo kwa inchi 11 na robo tatu, vipande viwili.

Nilikuwa na njia tatu. Chuma cha kusubu, kile kizito kama cha vikaango vya zamani, kinashika joto vizuri kuliko vyote na kinaacha ile mistari ya kahawia kwenye nyama. Kama ningekuwa mtu wa kuchoma nyama nene au samaki mzima ningekichukua, kwa sababu kikishapakwa mafuta na kuchomwa mara kadhaa, mafuta yanajenga ngozi nyeusi na ngozi ya samaki haing'ang'anii. Lakini sisi tunapika nini? Mishikaki iliyolala usiku kucha kwenye ndimu, tangawizi na ukwaju. Tindikali hiyo inaila ile ngozi ya mafuta kidogo kidogo, kisha mvua ya Ohio inamalizia. Ningekuwa nakipaka mafuta kila wiki, na mimi ninaingia kazini zamu ya usiku.

Chuma chenye enameli kinauzwa sana na kinaoshwa kwa urahisi. Wanaokumbuka vile vikombe vya enameli vya bibi zetu wanajua hadithi yake: kikianguka mara moja tu, enameli inapasuka ukubwa wa punje ya mchele, na kutu inaanzia pale pale. Koleo la chuma linafanya vivyo hivyo.

Nikachagua fito za stenlesi 304, unene wa milimita 9, dola 88 kwa jozi. Stenlesi si hodari wa kupitisha joto, ndiyo maana unene ni kila kitu. Ufito mnene unahitaji dakika 15 za kuwashwa kabla, lakini ukishapata moto haupoi ukiweka nyama. Nilitazama pia nafasi kati ya fito, jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Nyama ya mshikaki ni vipande vidogo, na vijiti vinalala kukatisha fito. Nafasi ikiwa pana, kipande cha mwisho kinachungulia motoni.

Kusafisha, situmii tena brashi ya waya. Huko Rhode Island, kati ya 2011 na 2012, madaktari waliandika habari za watu sita waliomeza nywele za waya zilizobaki kwenye wavu, zikawachoma kooni au tumboni. Mimi natumia brashi ya nyuzi za kumbi, kisha nusu ya kitunguu kwenye uma, napitisha juu ya fito zikiwa moto. Uani kote kunanukia.

Jumapili iliyopita nilichoma kilo tatu za ng'ombe. Nimekunja karatasi ya foili mara mbili nikailaza ukingoni mwa wavu, ncha za vijiti zikae juu yake zisiungue, maana huku sina zile spoki za baiskeli wanazotumia wachomaji wa nyumbani. Jirani alikuja na kiti chake mwenyewe. Alikula vijiti vinne na pilipili yote, kisha akasimama akapitisha kiganja kwenye ule ubao wa kushoto, penye alama ya duara iliyoungua. Alisema hapo ndipo mumewe alipokuwa anaweka sufuria ya rojo. Nilikuwa nimepanga kupiga msasa mbao zote wiki ijayo. Ule wa kushoto nitaupaka mafuta tu.

Mama alikuwa kwenye simu, imeegemezwa kwenye chupa ya maji, anatazama. "Geuza hivyo vya nyuma," akasema, "vinaungua."