Hadibodi ndani ya moyo

Mimi ni fundi seremala. Kwa miaka mingi kazi iliyonilisha Kisauni, Mombasa, haikuwa vitanda wala makabati, ilikuwa kukata vyumba. Mwenye nyumba ana chumba kimoja kikubwa, ataka wapangaji wawili. Ananiita, nasimamisha mbao, napigilia hadibodi, naacha kimlango cha kupita mtu kwa ubavu. Nayatanguliza haya kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nimwelewe daktari upesi kuliko alivyotarajia.

Mwaka 2019 binti yangu alikuwa na miaka 7. Tangu yuko na mitatu tulikuwa tukiambiwa ana pumu. Zahanati moja ilimpa inhela, na kila tukirudi tunaongezewa dawa na kuulizwa kama nyumbani kuna vumbi. Mimi napiga randa uani, vumbi litakosaje? Nikajilaumu, nikaihamishia meza ya kazi kwa jirani. Kikohozi kikabaki palepale. Mamangu hakuikubali hiyo pumu hata siku moja. "Mwana huyu yuwalala ameketi," alikuwa akiniambia. "Akilazwa tu, aamka akitweta. Pumu gani hiyo yangoja mtu alale?"

Jumapili moja tulikuwa tukitoka Likoni kwa shangazi yake. Feri ilipofika upande wa kisiwani watu wakamwagika kama kawaida yao, mikokoteni huku, ndoo za samaki kule. Nilikuwa nimemshika mkono. Katikati ya ule mwinuko mkono ukawa mzito. Kugeuka, amechutama, midomo imekuwa kama aliyekula zambarau. Watu wakatupita pande zote, na mmoja akatufokea tuondoke njiani. Nikambeba mgongoni mpaka kwenye tuktuk, na safari hii sikwenda zahanati.

Hospitalini wakampiga picha ya kifua: mapafu yamejaa maji. Daktari wa zamu akashuku valvu iliyobana, yaani kilango cha kupitisha damu ndani ya moyo, ule ugonjwa unaoachwa na homa ya baridi yabisi mtoto akiugua koo bila kutibiwa vizuri. Alisema watoto wa namna hiyo anawaona wengi. Akampa dawa ya kukojoza, na usiku ule pumzi zikatulia kidogo.

Kesho yake akaja daktari wa moyo wa watoto na mashine ya eko, ile inayoonyesha moyo ukipiga. Alipompaka ile jeli mtoto akacheka, yamtekenya. Mimi kwenye kioo niliona ukungu wa kijivu unaopigapiga, basi. Daktari alinyamaza muda mrefu. Akakigeuza kile kifaa, akakisogeza chini ya titi, akarudi pale pale.

"Valvu ni nzima," akasema. "Kizuizi kiko juu yake."

Akachora nyuma ya fomu. Vyumba vinne, viwili juu, viwili chini. Kile cha juu kushoto ndicho kinachopokea damu iliyotoka kuchukua hewa mapafuni, inaingia kwa mishipa minne, halafu inashuka kupitia valvu. Kisha akapiga mstari kukikata chumba hicho sehemu mbili.

"Hadibodi," nikasema.

"Nini?"

Nikamweleza kazi yangu. Akacheka, akaniambia mzee, ndivyo hasa. Utando umekikata chumba, na mlango wake mtoto huyu ni milimita 4. Damu yasongamana nyuma ya utando, yarudisha shinikizo mapafuni, maji yavuja humo. Ndiyo maana akilala hali inazidi. Ndiyo maana mtu akisikiliza kifua haraka haraka anasikia pumu.

Kitaalamu waiita kor triatriatamu, moyo wa atiria tatu, yaani vyumba vya juu vitatu badala ya viwili. Hata kati ya watoto wanaozaliwa na kasoro za moyo ni wachache mno, kama mmoja katika elfu. Nikamuuliza lile lililonikaa rohoni: ni vumbi? Akatikisa kichwa. Mtoto akiumbika tumboni, mishipa ya mapafu hukutana kwenye mfereji mmoja, na mfereji huo humezwa na chumba cha moyo ukawa sehemu yake. Wake haukumezwa sawasawa, pale pa kuungana pakabaki ukuta. "Haikuwa randa yako," akasema. Nilitoka nje kidogo.

Dawa za kuuondoa ukuta ule hakuna, ni kisu tu. Ya michango sitaki kuyarefusha. Baraza zima lilichanga, na wengine nilikuwa nawadai mimi. Tukapanda treni Miritini kwenda Nairobi. Mashine ikaufanyia moyo wake kazi kwa muda, wao wakakifungua kile chumba na kuukata utando wote. Mamangu alikaa kwenye benchi akivuta tasbihi, hataki maji wala chai.

Nilimwomba daktari wa upasuaji anionyeshe. Akaniletea kichupa. Kipande cheupe, hakizidi sarafu ya shilingi kumi, kama ile nyama ya dafu changa unayoikomba kwa kijiko. Nilikitazama nikitafuta tundu. Lilikuwepo, pembeni.

Tulikuwa tumerudi hata mwezi haujaisha, mwenye nyumba mmoja wa Mtopanga akanipigia, ana chumba cha kukata. Nikaenda, kwani deni lilikuwa lingali pale. Jioni akaja kukagua, akausimamia mlango akiupima kwa mikono.

"Fundi, mbona mpana hivi? Umenilia chumba."

Nikamwambia mbao ndivyo zilivyotoka.